Mashine zinakufa siku chache baada ya sevisi: tuanzie wapi?

SWALI: Shikamoo Mhandisi. Mimi ni msimamizi wa uzalishaji kwenye kiwanda cha kukamua alizeti, Singida. Tuna mashine nne za skrubu, boila moja na chujio. Mwaka jana tulipata mafunzo ya Kaizen, ule utaratibu wa Kijapani wa kuboresha kazi hatua kwa hatua. Tukapaka mistari sakafuni, tukabandika mabango ya S tano (kuchambua, kupanga, kusafisha, kusanifisha na kuendeleza), na mafundi wakapangiwa ratiba ya sevisi ya kila mwezi. Mashine bado zinakatika, na nyingine zinakufa siku chache tu baada ya sevisi. Mafundi wanasema waendesha mashine ni waharibifu, na waendesha mashine wanasema mafundi wanafanya kazi ya kulipua. Sasa bosi anataka kununua vifaa vya kupima mtetemo na programu ya kompyuta ya kusimamia matengenezo. Je, huu utamaduni wa Kijapani unatufaa kweli, na tuanzie wapi?

JIBU: Marahaba, ndugu yangu. Pole na kazi.

Kuna jambo umelitaja kwa kupita tu, nami naona ndilo kubwa kuliko yote: mashine zinazokufa siku chache baada ya sevisi. Wengi wakiona hivyo hulaumu spea feki. Spea feki zipo kweli, lakini hazielezi yote.

Mwaka 1978 Stanley Nowlan na Howard Heap wa shirika la ndege la United Airlines waliiandikia Wizara ya Ulinzi ya Marekani ripoti iliyoitikisa fani yetu. Kabla yao karibu kila mtu aliamini kwamba kifaa kina umri wake, na kwamba ukikifungua na kukikarabati kabla ya umri huo utakuwa salama. Walipochambua kumbukumbu za vifaa vya ndege wakakuta ni asilimia 11 tu vilivyochakaa kwa umri kwa namna ya kutabirika. Asilimia 68 vilikwenda kinyume kabisa: hatari ya kuharibika ilikuwa kubwa mara tu baada ya kufungwa, kisha ikashuka na kutulia. Kwa hiyo kila unapofungua kifaa kizima ili tu ratiba itimie, unakirudisha kwenye siku zake za hatari.

Hesabu hizo ni za ndege, usizihamishie Singida kama zilivyo. Skrubu ya kukamulia inachakaa kweli, ila inachakaa kwa tani za mbegu zilizopita ndani yake, wala haijui tarehe. Mwezi wa msimu mashine zinapopiga usiku na mchana, na mwezi ambao mbegu zimeadimika sokoni, haiwezekani viwe na sevisi ya aina moja. Kwa skrubu andikeni tani. Lakini beringi, mota na kontakta (swichi za sumaku za kuwashia mota) zinafanana na vile vifaa vya ndege zaidi ya mnavyodhani. Ni chache zinazokufa kwa uzee. Nyingi zinauawa na ufungaji, grisi na uchafu.

Chukua mkanda. Fundi anamaliza sevisi, anakaza mkanda mpaka ukiupiga kidole unalia kama gitaa, kwa sababu anajua ukiteleza ataitwa usiku. Mkanda hautelezi tena, lakini mzigo wote umehamia kwenye beringi ya upande wa puli. Kwa beringi ya gololi, mzigo ukiongezeka mara mbili umri wake unashuka hadi moja ya nane. Nenda kaangalie rundo la beringi zilizotupwa nyuma ya karakana yenu. Kama nyingi zimetoka upande wa puli, basi anayeziua ni yule anayekaza mkanda, na hakuna anayemwambia kwa kuwa hakuna aliyewahi kulitazama lile rundo.

Grisi nayo. Kuna imani kwamba grisi nyingi ni upendo. Beringi ya mota inayozunguka kwa kasi ikijazwa pomoni, grisi inakorogwa ndani, joto linapanda, sili inasukumwa nje na vumbi la maganda linapata njia. Kibaya zaidi ni kuchanganya: mwezi huu grisi ya litiamu, mwezi ujao aina nyingine iliyopatikana dukani, na aina zisizopatana zinaweza kulainika na kutiririka kama maji. Rangi ya grisi haikwambii kitu, kwa sababu rangi ni ya kutiwa na kila kampuni. Chagueni aina moja kwa kila kazi, pampu moja kwa kila aina, na pampu zipakwe rangi tofauti ili hata kibarua wa zamu ya usiku asikosee. Kiasi kipimwe kwa idadi ya mikandamizo ya pampu, kiandikwe palepale kwenye mashine.

Nimeanza na mambo haya ya karakana makusudi, kwa sababu utamaduni unaouliza unaanzia hapo kabla ya kufika kwenye mabango. Kaizen si ngeni kwetu. Wizara ya Viwanda na Biashara ilianza kuieneza viwandani kwa msaada wa JICA, shirika la Japani la ushirikiano wa kimataifa, tangu 2013, na mafunzo yenyewe ni mazuri. Shida ni kwamba viwanda vingi huchukua kile kinachopigika picha. Mistari ya njano sakafuni inapigika picha. Fundi na mwendesha mashine kukaa chini na beringi iliyokufa, wakiipasua kuona imekufa kwa nini, hakupigiki.

Tena usiuone kama jambo la damu ya Kijapani. Kampuni iliyotajwa sana kwenye historia hii ni Nippondenso, watengenezaji wa vifaa vya umeme vya magari waliotokana na Toyota, ambao siku hizi wanaitwa Denso. Mwaka 1971 walipewa tuzo kwa mfumo ambao Seiichi Nakajima na wenzake waliueneza baadaye duniani kwa jina la TPM, yaani matengenezo yanayomhusu kila mtu kiwandani. Walifika hapo kwa hesabu. Mashine za kujiendesha zilikuwa zinaongezeka kiwandani, mafundi hawakuongezeka kwa kasi hiyo, na fundi mmoja hawezi kuwa kwenye mashine 50 asubuhi moja. Wakaamua kwamba matunzo ya kila siku, yaani kusafisha, kukaza, kulainisha na kukagua, yarudi kwa yule anayesimama na mashine kutwa nzima. Mafundi wakabaki na kazi zinazohitaji ufundi. Ninyi mna mafundi wangapi kwa zamu? Kama ni mmoja, hesabu yenu ni ileile.

Hatua ya kwanza ya matunzo hayo ya mwendesha mashine ni kusafisha, na hapa ndipo S tano zenu zilipokosea njia. Kusafisha kwa macho ya mgeni ni kung'arisha. Kwenye TPM kusafisha ni kukagua kwa mkono. Chagua mashine moja, ile inayowasumbua zaidi, isimamishe nusu siku, kisha mwite mwendesha mashine, fundi mitambo, fundi umeme na wewe mwenyewe. Wewe usibaki na kalamu, shika tambara. Mtakachokikuta naweza kukitabiri. Mapezi ya mota yamezibwa na maganda yaliyogandana na mafuta, hewa haipiti. Kanuni ya fani inasema kila nyuzi 10 za Selsiasi juu ya kiwango hupunguza umri wa insulesheni ya mota kwa nusu, kwa hiyo mota mliyoisuka upya mara kadhaa huenda imekuwa ikipikwa na uchafu tu. Mtakuta bolti ya msingi iliyolegea na mwenzake aliyekatika kwa sababu yake. Mtakuta waya uliobadilika rangi kwenye kontakta. Mtakuta ufa mwembamba kwenye fremu, uliofunikwa na rojo jeusi ambalo kila mtu aliliona kuwa sehemu ya mashine.

Kila kasoro ifungiwe kadi palepale ilipo. Kadi nyeupe kwa ile ambayo mwendesha mashine anaiweza akifundishwa, nyekundu kwa ya fundi. Zikishaning'inia, shughuli yote itaamuliwa na jambo moja: zinajibiwa lini? Kadi nyekundu zikikaa wiki tatu bila mtu kuzigusa, hakuna atakayeandika nyingine, na mpango umekufa hata kama mabango bado yapo ukutani. Kama spea haipo, mwandishi wa kadi aambiwe: imeagizwa, inakuja tarehe fulani. Kama bosi amekataa kununua, aambiwe hivyo pia. Watu wanavumilia kukataliwa, hawavumilii kupuuzwa.

Kabla hamjashika tambara, swichi kuu izimwe, ifungwe kwa kufuli, na ufunguo uwe mfukoni mwa yule aliye ndani ya mashine. Kadi ya "usiwashe" peke yake haitoshi. Skrubu na mikanda imeshakula vidole vingi vya watu waliokuwa wakisafisha huku mwenzao upande wa pili akidhani kazi imekwisha. Na boila liacheni nje ya mpango huu wa waendesha mashine kabisa, isipokuwa usafi wa nje na kuandika vipimo. Boila lina mwendeshaji wake na ukaguzi wake wa kisheria chini ya OSHA, wakala wa serikali wa usalama na afya mahali pa kazi.

Sasa nikupeleke kwenye jambo ninaloamini ndilo linalowala zaidi, ingawa hukuliuliza.

Taiichi Ohno wa Toyota alikuwa na mfano wake maarufu wa kuuliza "kwa nini" mara tano. Mashine imesimama: fyuzi imeungua kwa sababu mzigo ulizidi. Kwa nini ulizidi? Beringi haikupata mafuta ya kutosha. Kwa nini? Pampu ya mafuta haivuti sawasawa. Kwa nini? Shafti yake imelika. Kwa nini? Hakukuwa na chujio, vipande vya chuma vikaingia. Aliyeishia kwenye swali la kwanza angebadilisha fyuzi na kusubiri iungue tena.

Fanya hivyo kwa skrubu zenu. Skrubu inapelekwa kuchomelewa mara kwa mara. Kwa nini? Inalika haraka. Kwa nini? Mbegu zina mchanga, changarawe, misumari na vipande vya waya. Kwa nini vinafika kwenye skrubu? Chekecheke limetoboka, au limetolewa kabisa kwa kuwa linapunguza mwendo, na sumaku haipo. Hadi hapo fundi yeyote mzuri atafika. Endelea. Kwa nini mbegu zinaingia getini na mchanga wote huo? Kwa sababu alizeti hupigwa na kuanikwa chini, na mnunuzi wenu anampima mkulima kwa kilo bila kutofautisha bei ya mbegu safi na chafu. Mkulima anayeanika juu ya turubai na kupepeta vizuri anapata hela pungufu kuliko jirani yake aliyeuza na mchanga ndani. Mnalipa mchanga kwa bei ya alizeti, kisha mnalipa tena kwa fundi wa kuchomelea.

Ugonjwa wa mashine umeishia kwenye ofisi ya ununuzi, mahali ambapo hakuna ratiba ya sevisi inayofika. Ndiyo maana neno "utamaduni" linatumika: fundi peke yake hawezi kuubadilisha mzani wa getini. Kaeni na mtu wa ununuzi, chukueni sampuli ya kilo moja kutoka kwenye kila mzigo, pepeteni, pimeni takataka, na mpange bei kwa kiwango cha usafi. Msimu wa kwanza kutakuwa na kelele. Waelezeni wakulima mapema, kabla ya mavuno, na si siku wamefika na magunia.

Skrubu iliyolika ina hasara nyingine isiyopiga kelele. Mashine inazunguka, mafuta yanatoka, kila mtu ameridhika, lakini mafuta yanayobaki kwenye mashudu yameongezeka. Kwa kila tani 100 za mashudu, asilimia 3 ya ziada ni tani 3 za mafuta mlizoziuza kwa bei ya chakula cha mifugo. Mashine iliyosimama mnaihangaikia usiku kucha. Hii ya pili hakuna anayeamka kwa ajili yake.

Kwa hiyo pimeni. Wapenda TPM wana kipimo wanachokiita OEE, kinachozidisha mambo matatu: muda mashine iliofanya kazi, kasi yake, na ubora wa kilichotoka. Tuseme zamu ni dakika 600 na mashine ilisimama dakika 150: hiyo ni asilimia 75. Katika dakika 450 zilizobaki ilipaswa kukamua kilo 4,500 za mbegu, ikakamua 3,600: asilimia 80. Mafuta yaliyopita bila kurudiwa kuchujwa, asilimia 95. Zidisha: 57. Utasikia kwamba viwanda bora duniani hufikia 85. Iacheni namba hiyo isiwaumize kichwa, kwani asili yake ni viwanda vya namna nyingine. Ya kwenu ina kazi moja, kuwaonyesha hasara ipo wapi, na kwa mfano huu kusimama kumekula dakika 150, na kwenda polepole kumekula sawa na dakika 90 nyingine. Kwa skrubu ongezeni mstari mmoja ubaoni: kilo za mafuta kwa kila kilo 100 za mbegu, kila siku, kila mashine. Mstari ukianza kuteremka wakati mbegu ni zilezile, hapo ndipo pa kutoa skrubu, iwe tarehe 3 au tarehe 28.

Mgogoro wa mafundi na waendesha mashine sitaujadili sana. Kila upande una ukweli wake, na utapoa wenyewe wakishika tambara pamoja. Nina wasiwasi zaidi na jinsi mnavyolipa. Waendesha mashine wako wanalipwa kwa magunia? Kama ndiyo, mtu aliyesikia mlio mgeni kwenye giaboksi saa nane usiku ana sababu nzuri ya kutosikia. Akisimamisha, anapoteza hela yake. Akiendelea hadi ivunjike, ni bahati mbaya ya mashine. Mwaka 1924 Sakichi Toyoda alikamilisha kitanda cha kufumia kilichosimama chenyewe uzi ukikatika, na wazo hilohilo likaja kuwa kamba ambayo mfanyakazi wa Toyota anaivuta kuita msaada, mstari mzima ukasimama ikibidi. Kamba ni rahisi kufunga. Kigumu ni bosi kufika, kuuliza "umesikia nini?" badala ya "nani amezima?", na mtu huyo asikatwe chochote mwisho wa wiki. Kubaliana na bosi kwamba dakika za usafi, ukaguzi na usimamishaji wa tahadhari zihesabiwe kama uzalishaji kwenye malipo. Bila hilo, sioni kwa nini mtu yeyote akuambie ukweli.

Na mafundi nao watazame. Katika viwanda vyetu fundi anayesifiwa ni yule aliyekesha akaifufua mashine kufikia alfajiri. Yule ambaye mashine zake hazizimiki anaonekana hana kazi, na kupunguza watu kukija anaanza yeye. Wakiambiwa wawafundishe waendesha mashine kupaka grisi, wanasikia wanafundisha mbadala wao. Waambieni waziwazi kazi yao mpya ni ipi: kusawazisha mota na puli kwa uzi au rula iliyonyooka, kupasua beringi zilizokufa na kuandika sababu, kukagua vipimo vya skrubu zinazotoka kwa mchomeleaji. Hiyo ni kazi ya heshima kuliko kukesha.

Nimalizie na manunuzi ya bosi. Programu ya kompyuta isubiri. Daftari moja kwa kila mashine, lenye tarehe, tani, kilichoharibika na sababu, likijazwa msimu mmoja bila kuruka, litawapa cha kuingiza kwenye programu. Mkianza na programu mtaingiza sevisi zilezile za kila mwezi. Kifaa cha kupima mtetemo kina faida upande wa mota, lakini skrubu inazunguka polepole, na vifaa vya bei nafuu havioni mengi kwenye mwendo huo. Kwa sehemu tu ya pesa hiyo mnaweza kupata sumaku nzuri ya kwenye mdomo wa kulishia mbegu, chekecheke jipya lenye sahani za akiba, kipimajoto cha miale cha kuelekeza kwenye nyumba za beringi kila zamu, rilei ya kuzima mota fezi moja ikipotea, pampu mbili za grisi, kufuli za swichi na tochi zinazowaka kweli. Ikibaki, wekeni seti moja ya skrubu ya akiba. Seti hiyo muipime kwa kalipa siku inapoingia stoo, wakati mchomeleaji bado anadai hela yake.